Kabla ya Kuisifu Yuka, Ibishie Hodi

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya pepinyeri, ya kukuza miche, mnaoshika sekateri, ule mkasi wa matawi, kama mnashika simu, kaeni kidogo hapa. Mimi nimestaafu. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, wala hayakuniaga. Nimechuchumaa mbele ya miche ya Gitega muda mrefu hata mke wangu Mwajuma husema akitaka kunitambua barabarani anaangalia kisogo, kwa sababu uso wangu ulikuwa ukionwa na udongo peke yake. Anatia chumvi. Nyumbani kwetu kila mtu hutia chumvi, isipokuwa kwenye mchuzi.

Mmeniomba mara nyingi niwaandikie juu ya yuka, mti ule wenye majani marefu kama mapanga unaosimama mbele ya nyumba za watu na kwenye mageti ya parokia. Mtaa wetu wa Musinzira wote wananiita Mzee Yuka. Basi leo naandika, lakini si kwa ile furaha mliyoizoea kwangu. Kuna mama mmoja wa Muyinga, mjane, anaitwa Mama Neema. Nyumba yake inafuatwa na korongo lililochimbwa na maji ya mvua, na yuka zangu ndizo zilizowekwa pale kulizuia. Kila ninachowafundisha hapa nimekifikiria upya kwa sababu yake. Mkiona nacheka katikati ya habari, msidhani mambo yalikuja kuwa mazuri. Ni mdomo tu umezoea.

Tuanze na kukata, maana wengi wenu mnakata kama mnachinja.

Aliyenifundisha mimi ni fundi Salvatori, mtu wa Mutoyi, mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo ungedhani ikishika mche itauponda. Alikuwa na maneno machache sana. Mimi nilikuwa na maneno ya watu wanne, kwa hiyo kati yetu tulitosha. Siku ya kwanza alinipa kigogo cha yuka, nikakikata vipande kama muwa, nikavichomeka vyote kwenye udongo saa ile ile, nikasimama nikingoja sifa.

Salvatori akaja, akaviangalia.

"We Hamisi," akasema, "ulishaona mtu iko na kidonda kibichi anaingia kwenye matope?"

"Hapana, fundi."

"Alors, mbona huyu unamutia?"

Nikavichomoa vyote. Hilo ndilo somo: ukikata kipande cha yuka, usikipande. Kiweke kivulini, mahali pakavu, penye upepo, mpaka pale ulipokata pawe na gamba. Ukigusa, pasilowe. Paka majivu ya jikoni. Mvua za Gitega si za kuchezea, mvua ya kwetu inaweza kunyesha ndani ya birika iliyofunikwa. Kidonda kibichi na udongo wetu mwekundu unaoshika maji vikikutana, hapo umeandaa mazishi.

Na kingine. Kipande cha yuka kikishapoteza majani, juu na chini vinafanana. Mimi nilipanda mstari mzima vichwa chini. Mnaweza kucheka. Salvatori hakunisahihisha. Kila asubuhi alipita kwenye mstari wangu, akavua kofia, akaviinamia vile vipande na kuvisalimia kwa Kirundi, "Mwaramutse!" Halafu anaviuliza, "Miguu yenu iko inaona nini huko juu?" Pepinyeri nzima wanakufa kwa kicheko, mimi sijui wanacheka nini. Nilifikiri mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa, nikamwonea huruma. Ilinichukua wiki kuelewa. Tangu hapo chini nakata mshazari, juu nakata bapa, na sijawahi kukosea tena, hata mkinifunga macho na kunizungusha kama mtoto kwenye mchezo.

Sasa maji. Hapa msikilize vizuri kuliko pote.

Nilienda masomo ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nimekaa kwenye dawati moja na vijana ambao baba zao nilicheza nao mpira. Nilipata cheti, nacho kinaning'inia sebuleni, Mwajuma anakifuta vumbi kila Ijumaa kama kwamba mimi nilikuwa waziri. Mwalimu wa biolojia alitueleza kwamba mizizi inapumua. Ikikaa kwenye maji muda mrefu inakosa hewa, inaoza. Nilisimama darasani nikasema, "Mwalimu, donc nimekuwa nikiokoa wanaozama miaka yote hii!" Darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka. Lakini ni kweli. Mwalimu alinipa neno lake, Salvatori alikuwa ameshanipa pua yake ya kunusa uozo, na nilivihitaji vyote viwili.

Yuka huweka maji shinani. Ile sehemu ya chini iliyovimba ni pipa lake. Ndiyo maana kiangazi kikija, majani ya mihogo yakijikunja na migomba ikilia, yenyewe inasimama tu. Na hapo ndipo pana ubaya ambao watu hawaujui. Kwa sababu ina akiba, inaweza kuoza chini, mizizi ikaisha kabisa, na juu ikabaki kijani, imesimama, inang'aa, mwezi baada ya mwezi. Mtu anapita anaisifu. Anasifu maiti.

Kwa hiyo usiisifu yuka kwa macho. Ibishie hodi. Kunja kidole, gonga shina karibu na udongo kama unavyogonga mlango wa mtu unayemheshimu. Nzima inajibu "ko". Iliyooza inajibu "bu". Ukisikia "bu", sogeza pua. Kuna harufu kama ya maji yaliyosahauliwa kwenye chombo cha maua. Ukishaijua harufu ile hutaisahau, na mimi siku hizi hunijia hata nikiwa nakula.

Mambo mengi yamebadilika. Tulianza na makopo ya maziwa yaliyotobolewa misumari, zikaja sashe, vile vifuko vyeusi vya plastiki, tukaziona ni maendeleo, halafu zikawa adimu, tukarudi kwenye makopo, nayo makopo yenyewe sasa watu wanayataka kwa kazi nyingine. Siku hizi mtu anajenga nyumba nzuri Musinzira, kisha anaweka mlangoni maua ya plastiki. Nilimwuliza mmoja, jirani yangu, kwa nini.

"Mzee, haya hayaombi kitu," akasema.

"Na yuka je? Yuka inaomba nini?"

"Inaniomba nisiimwagie. Mi siwezi kuona mti na kunyamaza."

Nilicheka siku ile mpaka nikashika ukuta. Singecheka leo.

Bon. Tuje Muyinga.

Binti yangu Sauda ameolewa huko, mume wake anauza vitenge sokoni. Mama Neema alikuwa akimletea maharagwe, wakawa marafiki. Mama Neema ni katika wale waliokulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, wakarudi wakiwa watu wazima kwenye ardhi ambayo wazazi wao waliizungumzia tu. Kiswahili chake ni kile cha huko, kimenyooka. Sauda akimsikiliza anajiona kama anasikiliza redio. Mume wa Mama Neema, kabla hajafariki, aliwajengea nyumba kwenye kilima, matofali alifyatua mwenyewe, akayachoma mwenyewe. Ndicho kitu alichowaachia yeye na watoto.

Siku moja Sauda akanipigia. "Baba, kuna mama hapa korongo iko linamukula."

"Linamla vipi?"

"Maji ya barabara ya huko juu yanashuka yote kwake. Kila mvua inachukua kipande cha shamba. Sasa korongo limefika karibu na nyumba. We si ulisema yuka inashika udongo?"

Nilisema, ndiyo. Nilisema yuka ingeweza kushika hata mlima usihame. Hivyo ndivyo ninavyosema mimi. Lakini katika hilo nilikuwa na ukweli: mstari wa yuka zilizokomaa, zilizobanana, mizizi yake husukana chini kama mkeka, na udongo hukaa. Nimeona Itaba, kwenye shamba la mtu, ukingo uliokuwa ukimeguka ukatulia.

Nikaenda kuona. Korongo lile, vijana wangu, sitatia chumvi, kwa sababu halihitaji. Lilikuwa refu kwenda chini kuliko nyumba, kuta zake nyekundu mbichi kama nyama, na kati ya ukingo wake na ukuta wa jikoni la Mama Neema ungeweza kuanika mashuka machache tu. Watoto walikuwa wamekatazwa kucheza upande ule. Kuku hawakuwa wamekatazwa, na baadhi hawakurudi.

"Miche midogo haitafaa," nikamwambia. "Italiwa kabla haijashika. Panatakiwa mijitu mikubwa yenye mizizi yake."

"Na mijitu mikubwa inapatikana wapi, Mzee?" akaniuliza.

Ilikuwa inapatikana mahali pamoja. Nyuma ya nyumba yangu Musinzira nilikuwa na mstari wa yuka mama, zile ambazo maisha yangu yote nilikata vipande kwao. Nusu ya yuka zinazosimama Gitega ni watoto wao. Moja katika hizo mama aliipanda Salvatori kwa mkono wake siku niliyohamia pale. Nilirudi nyumbani, nikachukua jembe.

Mwajuma alitoka na kijiko mkononi. "Hamisi, unafanya nini?"

"Nang'oa."

"Unang'oa zipi?"

"Zote."

Alizihesabu kwa kijiko. Halafu akasema, "Yule mama iko na watoto wangapi?"

"Wengi wa kutosha."

"Basi chimba mbali na shina, usikate mizizi. Na hilo shati vua, ni la Ijumaa."

Jirani mwenye pikapu alitubebea, tukapita Karuzi njiani, yuka zimesimama nyuma kama maaskari wanaokwenda gwaride, watoto barabarani wanazipungia mkono. Mimi niliwapungia kwa niaba ya yuka. Nilikuwa na furaha ambayo sasa inaniuma kuikumbuka.

Tulipanda mvua za masika zikiwa zimeanza. Angalieni tulivyofanya, maana kazi yenyewe ilikuwa nzuri: shimo pana kuliko refu, chini vipande vya vigae vilivyovunjika ili maji yapite, udongo wake mwekundu tukauchanganya na mchanga wa mto Ruvubu, mistari miwili iliyopishana ili maji yakikwepa moja yakutane na nyingine. Majirani walikuja wote, waume kwa wake. Walikuwa watu wa kwaya ya kanisa la Mama Neema, wengi wao waliorudi kama yeye, na kiongozi wao ni Mama Josiane, mwanamke wa pale pale kilimani, mwenye sauti inayoweza kuita ng'ombe kutoka Tanzania. Tulipomaliza nikasimama juu ya kichuguu nikawaambia:

"Sasa sikilizeni. Mvua ikiisha, msiimwagie maji. Hata tone. Hii yuka ni ngamia."

Mama Josiane akajibu, "Mzee, hata ngamia anakunywaka!"

Wakacheka. Nikacheka. Nikarudia, "Hata tone." Wakaitikia wote pamoja kama wanavyoitikia kanisani. Ndivyo tulivyoachana.

Na zilishika. Msiache kusikia hilo. Masika yote yale ukingo haukusogea hata kidole. Mama Neema alikuwa akinipigia baada ya kila mvua kubwa: "Mzee, limelala! Korongo limelala!" Nikawa nikimwambia Mwajuma kwamba nitazikwa na cheo. Mume wake Sauda alikwenda kuona, akasema mtoto mdogo wa Mama Neema ameanza kuweka godoro lake upande wa jikoni tena.

Kikaja kiangazi. Na mafuta, mnajua wenyewe habari ya mafuta. Magari yalilala kwenye foleni za stesheni za mafuta. Kwenda Muyinga ikawa kama kwenda Makka. Nilikaa Gitega nikiwa na amani, kwa sababu kama kuna wakati yuka haimhitaji mtu, ndio ule.

Huko kilimani mambo yalikuwa hivi, nilielezwa baadaye. Jua lilipokuwa kali, vumbi likapanda juu ya majani, na watu wakatazama mistari ya mjane imesimama mikavu pale ukingoni. Mama Neema mwenyewe alivumilia. Halafu siku moja akiwa na beseni la maji ya kuoshea vyombo, mkono ukaenda wenyewe. Aliniambia:

"Kambini, Mzee, maji ya sahani humwagi ovyo. Unapelekea mchicha uliopandwa kwenye gunia. Nikiyamwaga chini mama yangu alikuwa ananichapa. Nimekua hivyo. Kupanda kitu halafu unakipita kila siku bila kukipa maji, nilijiona kama mchawi."

Majirani walipomwona anabeba maji peke yake, wakafanya kile ambacho watu wa kwetu hufanya. Wakaanzisha ikibiri, ile kazi ya kusaidiana ambayo leo mko kwangu na kesho kwa mwingine, bila kulipana. Zamu kwa zamu, wakashuka kwenye chemchemi bondeni, wakapanda na mabidoni, madumu ya maji, kichwani, wanaimba nyimbo za kwaya. Mama Josiane hakukosa zamu yake, hata siku mtoto wake alipokuwa mgonjwa. Walichimba bakuli kuzunguka kila shina ili maji yasikimbie. Waliweka samadi. Walifunika na majani ya migomba ili unyevu ukae. Kiangazi kizima. Hakuna bustani ya rais iliyotunzwa vile.

Mwisho wa kiangazi nikapata nafasi kwenye gari la mfanyabiashara wa mchele. Nilipofika kilimani walinipokea kwa makofi. Na yuka, jamani, sijawahi kuona yuka nzuri vile maishani. Kijani cha kung'aa, majani yameoshwa moja moja.

"Tazama watoto wako, Mzee," Mama Neema akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefaulu mtihani.

Kabla sijajibu, ile harufu ikanifikia.

Nikainama kwenye ya kwanza, nikakunja kidole. Bu.

Nikaenda ya pili.

"Mzee anabisha hodi!" Mama Josiane akapaza sauti. "Uliza kwanza kama mwenyewe iko nyumbani!"

Wakacheka wote. Nikaenda ya tatu, ya nne. Nilikuwa nagonga polepole zaidi kila mara, kwa sababu nilikuwa naogopa mstari kuisha. Kicheko kikapungua. Nilipofika ile aliyoipanda Salvatori nikaigonga mara mbili, kisha nikaweka sikio langu pale kabisa, kama mjinga, kama kwamba ingeninong'oneza kitu tofauti. Hapo hakuna mtu aliyekuwa akicheka tena. Nikaishika kwa mkono mmoja na kuisukuma. Haikukataa. Ilitoka udongoni kama jino la mzee, na chini yake palikuwa na kitu cheusi, laini, kama tumbaku iliyolowa.

Mama Neema akasogea. "Lakini ina majani mabichi."

"Inakula akiba yake, Mama Neema."

"Itakula mpaka lini?"

"Mpaka iishe."

"Na mizizi?"

"Mizizi hakuna."

Akageuka akalitazama korongo, kisha upande wa mashariki, ambako mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa.

"Yampaye inka," Mama Josiane akasema, kiapo cha Kirundi cha mtu aliyeshtuka, na ile sauti yake ya kuita ng'ombe ilikuwa imekwisha kabisa. "Ni sisi tumeziua?"

Nikasema, "Mmezipenda." Ndilo lililotoka. Mama Josiane akakaa juu ya bidoni lake lililojaa, akafunika uso na kitenge.

Sasa mnataka kujua fundi anafanya nini katika hali hiyo, nami nitawaambia, maana kuna kitu anaweza kufanya, na ni kidogo sana. Yuka ikioza chini, kichwa chake kinaweza kuwa hai. Unakata juu ya uozo. Unaangalia kidonda: kama kina madoa ya rangi ya kahawia, unakata tena juu zaidi, unafuta kisu kwa majivu kila mara, mpaka utoke mkato mweupe mtupu. Hicho kichwa unakikausha kivulini kama nilivyosema, halafu unakipanda upya, na safari hii kinaanza bila mzizi wowote, kama mtoto mchanga. Nilikata siku nzima. Nyingi zilikuwa zimeoza mpaka shingoni. Ya Salvatori sikupata mkato mweupe hata nilipofika kwenye majani. Vichwa vizima vilivyobaki vilitosha mstari mmoja, wenye mapengo.

Nililala kwa Sauda vichwa vikikauka. Sikuwa na hamu ya kula, Sauda akadhani ni malaria. Kila asubuhi nilitoka kutazama mawingu, na hesabu ilikuwa ile ile. Kichwa cha yuka kisicho na mizizi kinahitaji zaidi ya masika moja ndipo kishike udongo. Mvua zilikuwa zinakuja sasa. Ukingo ambao chini yake mizizi imeoza na mabakuli ya maji yameulainisha hautangoja. Popote karibu na ukingo nitakapopanda vichwa vile, korongo litafika hapo kabla havijawa na nguvu. Maana yake mstari ulitakiwa kurudi nyuma. Kurudi nyuma sana. Nililijua hilo, na nilikuwa nikiomba mtu mwingine alijue ili nisiwe mimi wa kulisema.

Tangu hapo nimerudi Gitega, na mvua zimefika. Juzi Sauda amenipigia: jikoni limekwenda, na ukuta wa chumba kikubwa una ufa unaopitisha mkono. Mama Neema na watoto wanalala kwa Mama Josiane. Mkiniuliza kama vichwa vile vitashika, sijui. Vikishika, havitashika nyumba. Nyuma ya nyumba yangu kuna mashimo ambayo Mwajuma amekataa yafukiwe, na sina yuka mama hata moja ya kuwapa ninyi mpate kukata vipande. Nendeni Itaba mkaombe. Salvatori amekufa siku nyingi. Nimejaribu kuona katika haya yote ni wapi mtu alifanya jambo baya, ili niwaambie msilifanye, na sioni. Ninaona watu wanabeba maji.

Lakini niwaambie siku ile ya kupanda vichwa, kwa sababu ndiyo ninayoibeba.

Nilifika kilimani na vichwa vyangu kwenye magunia, vijiti viwili na kamba ya kunyooshea mstari. Kwaya walikuwepo, hawakuja na bidoni hata moja. Hakuna aliyeimba. Nikampa Mama Neema ncha ya kamba, mimi nikabaki na nyingine.

"Mstari upite wapi?" nikamwuliza. Nilisema hivyo nikitazama chini.

"Wewe ndiye fundi, Mzee."

"Mi ni fundi wa yuka. Nyumba ni yako."

Alizungusha ncha yake kiganjani, pale kati ya jikoni na korongo. Halafu akaanza kutembea, kamba inamfuata. Alipita jikoni. Alipita dirisha la watoto. Akafika pembe ya nyumba, akaweka mkono kwenye tofali, na mimi nikadhani atasimama hapo, nikawa tayari kumwambia kwamba hapo ni karibu mno. Hakusimama. Aliizunguka nyumba yote, akaenda mpaka kwenye maharagwe, katikati kabisa ya maharagwe, akachimba kisigino chake ardhini.

"Hapa," akasema.

Mama Josiane akatoa sauti ndogo. "Mama Neema, na nyumba?"

"Mimi nimezoea kuhama, dada. Watoto watakula nini kama shamba nalo likienda?"

Nami nikavuka uwanja na ncha yangu, nikasimama upande wa pili wa shamba. Nyumba ilikuwa mgongoni mwetu wote wawili, mlango uko wazi, na ndani mtu alikuwa amesahau redio. Nikachomeka kijiti changu, kikalala upande.

"Mzee," Mama Neema akaniita kutoka kule kwenye maharagwe, kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu mgeni wa kazi. "Kamba imelegea upande wako."

Nikaikaza.